Kondoo wa binti yangu pale Mkomani

Alfajiri binti yangu alimwosha kondoo wake kwa sabuni ya kipande, akamkausha kwa kanga yangu kuukuu. Ni Dorper: mwili mweupe, kichwa cheusi, mbegu iliyotoka Afrika Kusini.

Kwenye maonyesho ya kilimo pale Mkomani, mwamuzi hakujali weupe wa manyoya. Alimbinya kiunoni, akashika paja, akafunua midomo kutazama meno. Dorper hufugwa kwa nyama, kwa hivyo mgongo ndio unaosema. Mwanangu akasimama kimya, mkono chini ya kidevu cha mnyama, kichwa kimeinuka sawasawa. Zile jioni zote za kumtembeza kwa kamba, wallahi, zilionekana.

Tukawa wa tatu. Usiku alilala na utepe mkononi.