Do ya chini

Wiki nzima kabla ya Pasaka ya mwaka 1998 noti ile ilitushinda. Besi tulikuwa wanne katika kwaya yetu ya Kanisa la Moraviani, Rungwe, kusini mwa Tanzania: vijana watatu, mimi nikiwa na miaka 17, na mzee mmoja tuliyemwita Tata, kama Wanyakyusa wanavyomwita baba. Mwishoni mwa wimbo sauti ya nne hushuka taratibu, so, fa, mi, re, hadi do ya chini kabisa, na mwalimu alikuwa ametutolea sauti ya C iwe do yetu. Huko chini ni mitetemo kama 65 tu kwa sekunde.

Kila jioni nilibana koo nikakandamiza kidevu kifuani, nikaambulia pumzi na mkwaruzo. Ijumaa Kuu sauti ikanikauka kabisa. Tata akanivuta pembeni.

“Mwanangu, unaisukuma. Besi haisukumwi. Jumapili usiongee na mtu mpaka uimbe.”

Nilidhani ananifariji. Miaka baadaye ndipo nilipoelewa: mtu akiamka, nyuzi za koo huwa zimevimba kidogo, na kitu kinene hutetema polepole, hivyo alfajiri huweza kukuongezea noti moja au mbili huko chini. Nasi Wamoraviani Pasaka huianza kabla jua halijachomoza, makaburini, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732.

Basi tulikwenda gizani, kimya, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, nyasi zikitulowesha mpaka magotini. Tulisimama tumebanana ili wawili wasomee chemli moja. Bega la Tata lilikuwa limegusa langu.

Wimbo ukafika mwisho. So, fa, mi, re. Nilikuwa bado nasubiri kusikia do yake, kumbe imeshaingia: bega langu lilianza kunguruma kabla masikio hayajapata kitu. Nikamtazama. Kinywa kilikuwa wazi kidogo tu, kama mtu anayepuliza chai, mishipa ya shingo imelala. Haikuwa sauti kubwa. Mtu wa mstari wa mbele huenda asingeweza kusema inatoka kwa nani. Lakini soprano, ambao kila siku ya mazoezi walikuwa wakiteleza kidogo chini ya noti yao, safari hii walitulia juu yake kama waliopata pa kukanyaga, na waimbaji wa teno wakafuata.

Nikaachia koo. Sikusukuma. Kwa mapigo matatu hivi nami nilikuwa mle ndani, na sikuweza kutenganisha yangu na yake. Mpaka leo sijaimba kitu nilichokipenda kuliko kile.

Mwalimu akakunja ngumi kukata wimbo. Soprano wakanyamaza, alto, teno, nami pia. Bega la Tata likaendelea kutetema kitambo kidogo, kisha nalo likatulia, akainama kuipandisha taa utambi.