Ile ya zambarau

Nyumbani kwetu Magomeni pipi za shangazi zilikuwa na utaratibu wake. Anafika kutoka Uingereza, sanduku linafunguliwa sebuleni, mama anazifungia pakiti zote kabatini, halafu kila baada ya chakula cha usiku tunagawiwa mbili mbili. Nilijua kuzila. Unaibana kwanza kwa ulimi kwenye kaakaa mpaka pembe zake nne zilainike, ndipo unauma. Ukiwa na pupa inanasa kwenye magego na utamu unaisha hujaufaidi.

Wakati ule ziliitwa Opal Fruits. Zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1960 zikiwa na ladha nne: stroberi, chungwa, limau na ndimu. Mwaka 1998 wakaanza kuziita Starburst, jina ambalo tayari lilikuwa likitumika Marekani. Shangazi hakulikubali. Mpaka leo ukimwagiza Starburst anakujibu, "Opal Fruits, siyo mwanangu?"

Mimi jina halikuniuma. Lililoniuma lilikuja baadaye, walipoichanganya limau na ndimu zikawa pipi moja. Mtu wa Pwani unamchanganyiaje limau na ndimu? Ndimu ndiyo tunayokamulia samaki, supu, mihogo ya kukaanga. Limau lina ganda nene na harufu yake nyingine kabisa. Pipi ya ndimu peke yake ilikuwa kali, inakukunja uso, na moja nilikuwa tayari kumpa kaka yangu stroberi mbili anipe.

Nafasi iliyobaki wakaiweka blackcurrant, kitunda cheusi cha Ulaya ambacho wengi wetu tunakijua kwa Ribena tu. Karatasi yake ni ya zambarau, kwa hiyo binti yangu, ana miaka sita, anaiita "ile ya zambarau" na anaamini ndani yake mna zambarau kweli. Hataki nyingine. Joto letu likishaigandisha karatasi, naiweka kwenye friji dakika chache inabanduka yote, yeye kasimama mlangoni pa friji anasubiri.

Mwaka jana kaka, ambaye siku hizi yuko Houston, Marekani, alituma pakiti kubwa. Mtoto akazimwaga mkekani akazipanga: pinki za stroberi, nyekundu za cheri, za chungwa, za njano za limau. Akarudia kuzitafuta chini ya mkeka. Zambarau hamna. Alilia kilio cha msiba.

Nikampigia kaka. Akaniambia kule wengi hata hawalijui tunda lile. Mwaka 1911 serikali yao ilipiga marufuku kulilima kwa sababu kichaka chake hubeba kuvu wanaoua misonobari, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1966 vizazi vilikuwa vimeshakua bila kulionja. Kwao pipi ya rangi hiyo ni ya zabibu. Nilimwonea huruma mwanangu, lakini niliwaonea huruma na wao.

Mama naye alikuwa na lake. Alivaa miwani, akaigeuza pakiti, akasoma mpaka akafika kwenye jelatini. Za Uingereza hazina. Hizi za Marekani zinayo, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kaka akasema hiyo ni ya ng'ombe. "Na nani kamchinja?" mama akauliza. Simu ikawa kimya. Naona mama alikuwa sahihi, kitu cha kumpa mtoto usikikisie. Pakiti ikahamia kwa jirani yetu Mkristo, wanawe wakafurahi.

Msimu wa zambarau ulipofika nikampeleka binti yangu Mwembechai, kwa mama mmoja anayeziuza kwa kikopo, chumvi juu. Nikamwambia, hii ndiyo zambarau yenyewe. Aliuma moja, ukakasi ukamkamata, akatoa ulimi nje. Nikamwonyesha kwenye kamera ya simu: ulimi mzima rangi ya ile karatasi.

"Mama, hii siyo ile."

"Siyo ile."

Akafikiri kidogo. Akachovya nyingine kwenye chumvi, na mbegu akanitemea kiganjani, moja moja, mpaka kikopo kikaisha.