Mahindi yakikauka yatabaki kilo ngapi? Ninavyopiga hesabu kabla ya kununua

Kila anayenunua mahindi Masindi au Kiryandongo, huku Uganda, anajua mzigo hupungua ukianikwa. Utapungua kilo ngapi, hapo ndipo wengi huteleza. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mkulima akileta kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20, mtu hutoa 13.5 kwenye 20, anapata 6.5, anakata asilimia hiyo na kuandika kilo 935. Hesabu hiyo haisimami, kwa sababu 20 imepimwa kwa uzito wa mzigo mbichi na 13.5 kwa uzito wa mzigo mkavu.

Mimi hushika kisichobadilika, yaani punje bila maji yake:

A × (100 − m) = B × (100 − n)

A ni kilo kabla ya kuanika na m ni unyevu wake; B na n ni vilevile baada ya kukauka. Nikitafuta B, nagawanya pande zote kwa (100 − n): 1,000 × 80 ÷ 86.5, karibu kilo 925. Mabano siyafungui, natoa ndani kwanza. Ukizidisha mapema unajipa kazi bure.

Kipima unyevu kikikosekana shambani, napima uzito kabla na baada, kisha kipimo kimoja tu cha unyevu ghalani. Kilo 600 zikibaki 540 kwa asilimia 13.5:

100 − m = 540 × 86.5 ÷ 600 = 77.85

Wengi huishia hapo wakadhani unyevu ni 77.85. Bado: m = 100 − 77.85, yaani asilimia 22.15.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Tuseme makavu yanauzwa shilingi 1,200 kwa kilo, na kuanika pamoja na kugeuza kunakula 60,000. Bei ya mabichi ni p:

1,000p + 60,000 = 925 × 1,200

Toa 60,000 pande zote, gawanya kwa 1,000: p = 1,050. Hapo hakuna faida hata senti, kwa hiyo mimi hutaja bei ya chini zaidi.

Pima magunia matupu uyatoe. Na mizani ikisoma 910 badala ya 925 wakati unyevu umefika 13.5, usiulaumu mlinganyo: kilo 15 hizo ni makapi, vumbi, zilizomwagika pembeni mwa turubai, na kuku wa jirani.