Bia tatu za Uskoti, meza moja

Jana jioni hapa Edinburgh tulikaa mimi na shemeji na chupa tatu za bia za Uskoti. Hatukuzigandisha kwenye friji. Zikiwa baridi mno ladha inajificha, kwa hiyo tuliziacha dirishani zikapoa kiasi.

Tulianza na Fraoch, kileo asilimia 5. Fraoch ni jina la Kigaeli la ua dogo la zambarau linalofunika vilima vya huku, na ndilo linalotiwa humo. Nyepesi, inanukia asali na majani makavu. Shemeji aliing'ang'ania hiyo. Ikafuata Dark Island ya visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti: nyeusi, lakini ukiinua glasi kwenye taa unaona wekundu. Ina ladha ya kahawa na tende. Nzuri, ila inapotea upesi mdomoni.

Halafu Traquair House Ale. Jamani! Asilimia 7.2, inapikwa ndani ya jumba la kale karibu na mji mdogo wa Innerleithen na kuchachushwa kwenye vyombo vya mwaloni. Mwenye jumba wa wakati huo, Peter Maxwell Stuart, ndiye aliyeufufua upishi huo mwaka 1965. Niliishika glasi kwa viganja viwili ipate joto kidogo, harufu ikapanda: sukari guru, zabibu kavu, mbao. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, uko mbali sana, kimea ndicho kinachotawala. Chupa moja tuligawana wawili, tukainywa karibu saa nzima, taratibu, bila haraka.

Kwangu mimi hii ndiyo bia. Shemeji bado anabisha.