Figa la bibi lililonifanya niokote mawe korongoni

Mimi ni fundi rangi wa magari, Lindi mjini. Kutwa nzima niko na msasa, kibao na ndoo ya maji. Mawe sikuwa na habari nayo mpaka figa la bibi yake mke wangu lilipopasuka.

Tulikwenda kumsaidia kuokota korosho. Shamba lake liko upande wa Mchinga, juu ya korongo lenye udongo mzito wa mfinyanzi. Jioni ile mihogo iko jikoni, tukasikia paa! Sufuria ikalala ubavu, moto ukazimika. Figa moja limegawanyika vipande viwili.

“Nilimwambia huyu mtoto asiniletee ya korongoni,” bibi akafoka. “Yale hayastahimili moto.”

Nikakivuta kipande kwa ukuni. Nje lilikuwa jiwe la udongo-udongo, mviringo kama boga dogo, hulitazami mara mbili. Ndani ilikuwa habari nyingine. Mistari ya njano kama asali ilianzia katikati, minene, ikakonda kadiri inavyokwenda pembeni, ikikatizana kama gamba la kobe. Nikalifunga kwenye kiroba. Mke wangu akaniuliza kama nimeishiwa mawe mjini.

Mwalimu mmoja wa jiografia, mteja wangu, ndiye aliyenipa jina: septaria, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ukuta wa kugawa vyumba. Tope la chini ya bahari hushikana kwa chokaa na kuwa donge gumu, donge hupasuka kwa ndani, halafu maji yenye madini hupita na kuziba nyufa kwa kalisaiti, madini ya chokaa, ndiyo ile mistari ya njano. Kwa nini linapasuka, wataalamu wenyewe bado wanabishana: wengine wanasema ni kukauka na kusinyaa, wengine wanataja matetemeko. Mimi nilichoshika ni kwamba nyufa ni pana katikati na nyembamba kandoni. Hilo lingeniokolea mawe kadhaa kama ningelitilia maanani mapema.

Kutafuta nako kuna majira yake. Wakati wa mvua korongo si mahali pa kuchezea. Mimi huenda mwezi wa Mei au Juni, maji yameshapungua na kingo zimekatwa upya. Bibi ananiruhusu kwake. Kwa jirani napiga hodi, maana korongo nalo lina mwenyewe. Msiniulize ni korongo lipi.

Mwanzoni nilibeba kila kilicho mviringo. Mawe kumi ya kwanza, tisa yalikuwa tope tupu mpaka kiini. Sasa natembea na chupa ya maji. Nalilowesha donge na kusubiri kidogo: udongo unakunywa maji na kuwa mweusi, mistari ya kalisaiti inabaki inang'aa. Ukiona uzi mwembamba umezunguka ganda, hilo beba. Huku kwetu kuna jasi pia, hata Kilwa inachimbwa, na vipande vyake vinavyometa vinadanganya. Jaribu kwa ukucha. Jasi inakwaruzika, kalisaiti haikwaruziki mpaka uichokoe kwa kisu.

Kitu kingine, ukikuta mfupa uliogeuka jiwe, uache pale pale na utoe taarifa. Mkoa huu ndio wenye Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya mjusi mmoja mkubwa sana imeunganishwa na kusimamishwa Berlin mpaka leo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Ukitaka kufanya biashara ya mawe, hapo nako kuna leseni. Mimi ya kwangu yako dirishani.

Kukata ndiko kulikonitesa. Jiwe la kwanza nililipeleka kwenye grenda, diski kavu, uani. Vumbi lilipanda likatua juu ya nguo alizozianika mke wangu, na siku hiyo sikuongeleshwa. Jiwe lenyewe lilipata moto likakatika pale pale penye mstari. Grenda siyo ya kumwagia maji, umeme hauna utani. Nikaenda kwa rafiki yangu fundi marumaru, yeye ana mashine ya kukatia yenye beseni la maji chini. Diski inazunguka ndani ya maji, vumbi linageuka uji. Miwani na barakoa navaa hata hivyo.

Diski hiyo haiingii ndani sana. Jiwe likizidi ngumi unalikata kuzunguka kama unavyokata nazi, kisha unaweka patasi kwenye mfereji na kugonga taratibu. Na kwa kuwa ni mviringo, linabiringika: diski ikilibana, linaruka. Nimelitengenezea kitanda cha mbao chenye kabari mbili. Jiwe langu zuri kuliko yote nililikata pembeni kwa ubahili, nikitaka vipande vingi. Nikapata vinyuzi kama nywele. Kile kitovu kinene kilikuwa upande wa pili, nikakipasua nikijaribu kurekebisha. Siku hizi nalizungusha jiwe mkononi hata nusu saa, nachora mstari wa kukata kwa penseli, nalala, asubuhi natazama tena.

Kupiga msasa nilidhani hakuna wa kunifundisha. Kumbe! Kwenye gari, nikitaka kujua bodi imenyooka, napulizia rangi nyeusi kwa mbali kisha napiga msasa mpaka weusi uishe. Nikafanya hivyo kwenye jiwe, rangi ikanyweka ndani ya tope na haikutoka tena. Lile jiwe bado ninalo, lina madoa kama chui. Sasa natumia penseli. Nachora mistari ya kukatizana uso mzima, napiga msasa namba 80, ule mkali, kwa maji mpaka mistari ipotee yote, nachora tena, naingia 120, halafu 220, 400, 600, 1000, mwisho 2000. Wengi wanaharibu hapo mwanzo. Mkwaruzo wa 80 ukiuacha, namba 400 haiufuti, inaung'arisha tu ili uonekane vizuri zaidi. Msasa uwe kwenye kibao kigumu. Ukishika kwa vidole, sehemu laini zinaliwa kwanza na uso unakuwa na mabonde.

Kompaundi ya kung'arishia magari nayo ilinisaliti, iliingia kwenye vitundu vya tope ikaacha nukta nyeupe. Nilichokoa kwa sindano wiki nzima. Nta ya nyuki iliyopashwa kidogo juani inatosha, unaipaka kwa kitambaa cha fulana na kusugua mpaka mkono uchoke.

Halafu ile ya siki. Mtu aliniambia kalisaiti inajulikana kwa siki, nikadondosha tone, kweli likachemka kama soda. Nikajiona mkemia. Nikalitumbukiza jiwe zima lililokwisha msasa ndani ya bakuli la siki usiku kucha, eti limalizike matope. Asubuhi nikalipitishia kidole: ile mistari ya njano imezama, imekuwa mifereji, na mng'ao wote umekufa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Tindikali inakula kalisaiti, ndiyo maana ya kule kuchemka. Nilirudi namba 80.

La figa lenyewe lilikuwa limeungua upande mmoja, lakini kipande cha pili kilitoka vizuri. Nilimpelekea bibi siku ya Idi, nimekifunga kwenye gazeti. Alikigeuza, akakipulizia, akakifuta kwa pembe ya khanga, akajitazama humo.

“Umenifanyia vyema, mjukuu wangu,” akasema. “Sasa figa langu umeniletea?”