Mwalimu tarajali hahitaji kurasa tatu za maoni

Ukikaa nyuma ya darasa kumtazama mwalimu tarajali (anayejifunza ualimu) akifundisha hisabati, jicho hukimbilia ya juujuu: sauti, mwandiko, kulipa darasa mgongo. Mengi ya hayo hupungua yenyewe kwa mazoea. Kisichojirekebisha ni namna anavyolipokea jibu lisilo sahihi.

Mwanafunzi anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu mgeni husema "hapana" na kuhamia mkono mwingine ulioinuliwa. Lakini jibu hilo lina mantiki yake: kiasi (namba ya juu) kimejumlishwa kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Swali la kumfungua macho ni fupi: 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Sasa nusu imeongezewa kitu, imepunguaje? Swali la aina hiyo halimjii papo hapo mtu ambaye moyo unamdunda. Huandaliwa.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mwalimu mlezi, yule anayemsimamia, iko kabla ya kipindi. Shika andalio la somo, ruka malengo (mara nyingi yamenakiliwa tu), nenda kwenye maswali. Chagueni matatu. Kwa kila moja aandike majibu mawili mabovu anayoyatarajia, fikra iliyoyazaa, na swali atakalorudisha. Kwa mfano, kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.8 kwa kuwa 35 inazidi 8. Au kwamba, balbu mbili zikiunganishwa kwa mfuatano, ya kwanza "hula" umeme na ya pili hupata mabaki. Akishindwa kubashiri hata moja, huenda mada yenyewe haijamkaa, na hapo fundishaneni mada kwanza, mbinu zitasubiri.

Kwa sayansi, ongeza sharti: afanye jaribio lote mwenyewe siku mbili kabla, kwa vifaa vilevile, akiwa na saa mkononi. Chukua upimaji wa wanga kwenye jani. Jani huchemshwa kwenye maji kama dakika moja, moto unazimwa, kisha linatiwa kwenye neli yenye spiriti iliyosimamishwa ndani ya maji hayo ya moto hadi rangi ya kijani itoke. Linasuuzwa kwa maji ya vuguvugu ili lilainike, ndipo linadondoshewa iodini. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za selsiasi, kwa hiyo maji lazima yawe bado ya moto sana. Maelezo ya mwalimu yakirefuka maji yanapoa, kijani hakitoki vizuri, na rangi ya buluu-nyeusi haionekani sawasawa. Au mmea ulikaa gizani tangu juzi na wanga umeshatumika. Haya ayagundue akiwa peke yake, si mbele ya darasa zima.

Wakati wa kipindi, mlezi aandike maneno halisi ya wanafunzi na sekunde za ukimya baada ya kila swali. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu, na wakifikisha tatu wanafunzi hutoa majibu marefu zaidi. Namba mbili za namna hiyo zinamsaidia mwalimu tarajali kuliko "jitahidi kushirikisha darasa", maneno ambayo hakuna anayejua ayafanyie nini.

Baadaye, dakika 15, jambo moja. Aanze yeye kueleza jibu lililomshangaza. Kama kuna mkondo mwingine (darasa jingine la kidato hichohicho), arudie kipande hicho tu ndani ya wiki hiyohiyo.

Na usimkatize akifundisha, hata akikosea hesabu; mpe nafasi ajirekebishe au arekebishwe na wanafunzi. Lakini moto ukiwa bado unawaka na chupa ya spiriti iko wazi, hapo simama uzime kwanza.