Kijani kisicho malisho: siku yangu moja Marigat

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kunawa uso natoka nje kuutazama mgunga ulio karibu na lango. Majani yametulia. Huku Marigat, kaunti ya Baringo, ninakochora ramani za malisho kwa picha za droni na setilaiti, upepo ndio unaonipangia siku. Ukiamka mapema kuliko mimi, droni hairuki. Betri sita zimekesha kwenye chaji. Nazipanga ndani ya sanduku la kuhifadhia baridi, maana jua la Februari halina huruma na betri.

Saa 12 na nusu. Chai ya maziwa na maandazi kibandani, kisha bodaboda. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ninacho kwenye begi, na chifu nilimpigia jana. Simu hiyo siisahau kamwe. Sehemu hizi zimeona mashambulizi na wizi wa mifugo, na kitu kinachonguruma juu ya boma la mtu asiyejua kimetumwa na nani kinaweza kumtia hofu mchana kutwa.

Saa 1 na nusu. Tuko upande wa Ng'ambo, karibu na Ziwa Baringo, na mbele yetu ni mathenge tupu. Mti huu uliletwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie ardhi isigeuke jangwa na uwape watu kuni. Vumbi uliliziba kweli, kisha ukaendelea kuenea. Mifugo hula maganda yake, mbegu hupita tumboni salama, na kila palipoangukia kinyesi pakaota mwingine. Ukiukata bila kung'oa kisiki, unarudi na matawi mengi kuliko ya kwanza.

Mzee mwenye boma la karibu ananisubiri, ameshika mbuzi.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Nzuri, binti yangu. Njoo kwanza uone huyu, ndege yako itangoja."

Anamfungua mdomo kwa vidole viwili. Meno ya mbele ya chini yamebaki mawili, meusi hadi kwenye shina, na nyuzi za ganda zimenasa kwenye ufizi uliovimba. Maganda ya mathenge yana sukari nyingi; mbuzi huyapenda, nayo humwozesha meno mpaka ashindwe kula hata majani mazuri yakipatikana. Wailchamus, jamii ya wafugaji wa hapa, walipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huu, walimfikisha mahakamani mbuzi asiye na meno. Niliwahi kuisikia habari hiyo kama kichekesho. Baada ya kuutazama mdomo huu sijaweza kuicheka tena.

Namwonyesha mzee picha ya setilaiti ya wiki iliyopita kwenye simu. Mahali tuliposimama pamekolea kijani.

"Kijani chote hiki," anasema, "na mbuzi wangu analala njaa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Setilaiti za Sentinel-2, zilizo umbali wa karibu kilomita 786 juu yetu, hupima mwanga unaorudishwa na mimea. Jani zima hunywa mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi ule wa infraredi usioonekana kwa macho. Kutokana na tofauti hiyo tunapata namba iitwayo NDVI, na namba ikipanda tunasema kuna uoto. Lakini namba haijui kama uoto huo unaliwa. Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 ilijengwa juu ya vipimo vya aina hii: uoto ukipungua, mfugaji hulipwa. Kwa hiyo kuusoma mti mgeni kama nyasi si kosa la mtaalamu peke yake. Mfugaji ndiye atakayelilipia.

Saa 3 asubuhi. Napangusa kibao cha kijivu cha kurekebishia mwanga, nakipiga picha, narusha droni. Asubuhi sana vivuli vya miti hunidanganya. Nikichelewa, upepo hunikatiza. Nina kama saa mbili tu. Droni inakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, chini ya futi 400. Pikseli moja ya setilaiti ni mita 10 kwa 10, eneo ambalo boma dogo zima huweza kuingia. Ya droni ni sentimita chache. Naona njia ya mbuzi, naona kisiki kilichochipua.

Karibu saa 5. Huu ndio wakati Sentinel-2 hupita hapa katika siku zake. Chamchela inainuka upande wa kusini, nyekundu, inakuja. Nateremsha droni haraka, vijana wawili wanaifunika kwa shuka. Ruko la mwisho limekatika nusu. Nitalirudia.

Saa 8 mchana. Ofisini, feni na kompyuta. Napanga picha za Februari kando ya zile za Mei. Nyasi huwa kijani baada ya mvua na hukauka kiangazi. Mathenge, yenye mizizi mirefu, hubaki kijani mwaka mzima. Kwa hiyo penye kijani sasa hivi napashuku. Ila mashamba ya umwagiliaji ya Perkerra nayo ni kijani, na migunga ya kingo za mito pia, na migunga sitaki mtu aikate. Ndiyo maana siwezi kukaa ofisini tu: picha za asubuhi ndizo zinazoniambia kipi ni kipi. Mathenge naipaka zambarau. Kufikia saa 10, sehemu kubwa ya ule ujani wa mzee imegeuka rangi.

Katikati ya zambarau kuna uzi mwembamba wa kahawia, njia ya ng'ombe kwenda majini. Nauvuta karibu. Mahali patatu matawi yamegusana juu yake.

Saa 12 jioni. Naweka alama hizo tatu kwenye ramani na kuituma kwa mama mwenyekiti wa kikundi cha malisho. Mvua za Machi zikikuta mbegu njiani, njia imekwisha.

Anajibu kwa sauti, mbuzi wakilia nyuma yake: "Nimeiona, binti. Jumatatu tunaanza na hiyo ya karibu na maji. Waambie vijana wako waje na viatu vigumu."